Trekta la Baba Lilizima Tena

Lilizima tena katikati ya shamba, kama mara zote: likakohoa, likaishiwa nguvu, kimya. Nikaruka chini nikilitukana matusi ambayo baba, angekuwa hai, angenizaba kofi kwayo.

Baba mdogo alikuwa amenipa siku sita. Nikimaliza kulima shamba lote la marehemu, ninabaki nalo mimi. Nikishindwa, linakodishwa kwa kampuni ya jirani kwa miaka ishirini. Binti na trekta bovu! Watu walicheka mpaka basi, nami nikawaambia wangoje waone.

Msaidizi wangu alikuwa mdogo wangu wa kiume, mtu mzima mwenye ndevu zake. Yeye ndiye aliyemimina dizeli, na ndiye aliyesukuma pampu ya mkono nilipolegeza bolti kutoa hewa. Tulibadili chujio. Tulipuliza bomba kwa mdomo hadi midomo ikawasha. Cha ajabu, tukilipumzisha robo saa linawaka bila shida, linalima dakika ishirini, kisha yaleyale.

"Dada, hili limeshazeeka," aliniambia siku ya nne, akinifuta grisi shavuni. "Usijiue bure."

Nikazidi kumpenda. Mjinga mimi!

Asubuhi ya siku ya saba shamba lilikuwa limeshakodishwa, ekari tatu hazijaguswa. Hakuna aliyenituma tena, ila ubovu nisioujua chanzo chake huninyima raha. Nikamwaga dizeli yote, nikafungua koki chini ya tangi. Tunduni palikuwa na kitambaa kilichonyonywa nusu. Injini ikivuta dizeli, kinaziba. Ikizima, kinaelea pembeni. Na aliyemimina dizeli ni mmoja tu. Mpaka leo, gereji kwangu, simruhusu mtu yeyote animiminie.

Hasira zilinipanda, nikakikamua kama ninamnyonga mtu. Hapo ndipo nilipoona kingo zake. Zilikuwa zimepindwa kwa mkono, mishono midogo midogo, kila mmoja umerudiwa mara mbili. Kwetu anayeshona hivyo yuko mmoja, na si mdogo wangu. Nikakishika mkononi, nikaelekea nyumbani.

Mama alikuwa jikoni akiosha vyombo. Nikakitupa mezani, kikichuruza. Hakuuliza ni nini.

"Kampuni imemwahidi mdogo wako usimamizi," alisema. "Angekosa, angeondoka, nisimwone tena. Wewe una ufundi wako, mwanangu. Popote utaishi."

"Ukakaa chini ukakipinda, mama?"

"Nyuzi zingeingia kwenye pampu." Akakausha mikono taratibu. "Hatukutaka trekta la baba yako liharibike."

Nilisimama nikimngoja aseme jambo, lolote lile, kunihusu mimi. Akaitazama suruali yangu iliyolowa dizeli, akaniambia nisikalie kiti.