Kona ya Kumwagia

Barwaqo alikwenda dukani kwa Abdow kununua majani ya chai, akamwona binti yake kwenye rafu. Hamda, aliyezikwa mwaka uliopita kwa homa ya wakati wa mvua za El Nino, alikuwa kwenye pakiti za sabuni ya unga, safu nzima, anacheka, kichwa wazi, nywele zimemwagika mabegani. Hamda huyu ambaye hata kufungua lango la ua hakufungua bila mtandio!

"Nani amemvua mtandio mwanangu?" Barwaqo alifoka. Abdow aligeuka kuitazama rafu. Mzigo ulishushwa asubuhi ile ile, naye hakuwa amezitazama pakiti sana.

Jibu lilikuwa kwa Sakariye, mpiga picha pekee wa Soko Mugdi. Barwaqo aliingia studio bila hodi. Sakariye alitaka kuruka kimanga, lakini alipoona macho ya yule mama, akasema kweli. Siku ya Idi, Hamda na wenzake walikuja kwa siri, wakavua mitandio, wakapiga picha za kuchekeshana. Baadaye watu wa kampuni walipita wakitafuta sura nzuri, naye akawauzia negativu.

"Eedo, shangazi yangu, wallahi sikujua wataiweka kwenye sabuni."

"Ulidhani wataiweka wapi, msikitini? Nipe hiyo negativu."

"Waliondoka nayo, eedo. Mimi sina kitu."

Basi Barwaqo akaanza kazi. Mtoto wake akanyagwe sokoni na kutafunwa na mbuzi, yeye akiwa hai? Aliokota pakiti majalalani, aliziomba kwa majirani, na walioleta ubishi aliwanyang'anya. Zote alizitia motoni. Watu wakanong'ona kwamba amerukwa na akili. Akili zake zilikuwa timamu. Kilichomwishia ni uvumilivu.

Mwuzaji wa kampuni alipokuja kutoka Nairobi, Barwaqo alimzibia njia mlangoni kwa Abdow.

"Hii bicha ni ya mtoto yangu. Mtoto amekufa. Toa!"

"Pole, mama. Lakini hiyo ni picha tu." Kijana aliigeuza pakiti, akabonyeza kona yake kwa madaha, unga ukatoka kidogo kidogo. "Kitu chenyewe ni hiki hapa, kona ya kumwagia. Sabuni haimwagiki ovyo. Ni uvumbuzi wetu, tumeusajili, una hataza. Soma hapa kwenye kona. Mtu akituigia kona hii, tunampeleka kortini."

"Na uso?"

"Uso hauna hataza, mama."

"Kona ya karatasi iko na sheria. Mtoto yangu hana?"

Kijana alicheka kidogo, akaahidi kuwaambia wakubwa ofisini. Barwaqo alimtemea mate miguuni akaondoka.

Labda aliwaambia, labda kampuni ilichoka tu na sura moja. Baada ya Ramadhani lilikuja lori jingine. Kona ilikuwa ile ile, maneno yake yale yale, ila msichana alikuwa mwingine. Barwaqo alikagua rafu nzima kwa mkono wake, pakiti moja moja, akapiga vigelegele pale pale dukani. Alikuwa ameshinda.

Alirudi nyumbani akakaa kutwanga uvumba wake wa kuuza. Akataka kumwona Hamda akilini, anacheka, na lile jino la pembeni lililopanda juu ya jenzake. Hakumpata. Alichopata ni uso wa homa, midomo iliyokauka, macho yaliyogeuka. Kicheko kilikuwa kwenye pakiti. Picha nyingine ya Hamda haikuwahi kuingia nyumba ile.

Aliuacha mchi kinuni, akakimbilia kwa Abdow. Abdow alikuwa ameuza mpaka pakiti ya mwisho yenye uso wa Hamda. Hasira zote alizokuwa amewagawia Sakariye, kampuni na majirani zikamrudia mwenyewe. Ni nani aliyemchoma Hamda? Si wao. Ni mkono huu huu.

Nyuma ya soko, kwenye jalala, mbuzi mmoja alikuwa anatafuna karatasi yenye rangi za ile pakiti. Barwaqo alimrukia, akamkaba shingo, akampanua taya na kumtoa kipande kinywani huku akimlaani yeye na mwenye mbuzi. Alikifuta mate kwa mtandio wake, akakigeuza kwenye mwanga akitafuta uso.

Ilikuwa kona ya kumwagia, haikuharibika hata kidogo, na maneno yake yote ya hataza yalisomeka.