Kiwanja cha Mtaa wa Kittrell

Jumamosi ile Vernetta Lassiter aliingia ukumbi wa kanisa bila wasiwasi, kwa sababu Delphine Royster alikuwa ameketi safu ya mbele. Wazungu wangesema yao, kisha Delphine angesimama, na maneno yangekwisha.

Tangu ujana wake Vernetta alikuwa na kazi moja tu pale Durham, mji wa kusini mwa Marekani: kuwasaidia watu weusi wenzake kumiliki nyumba. Babu yake alikuwa kinyozi mwenye duka lake, mpaka serikali ilipopitisha barabara kuu juu ya mtaa wao na kumlipa fidia isiyotosha hata kununua viti vingine. Mzee alikufa mpangaji. Vernetta alikua akilishwa habari hiyo pamoja na kuku wa Jumapili, na alipomaliza chuo alikataa kazi nzuri, akaingia shirika dogo la maendeleo ya mtaa, akakaa humo hadi mvi zikamwota.

Delphine alikuwa tunda la kazi hiyo. Alipofika ofisini mara ya kwanza alikuwa akiwaogesha wazee wa watu kwenye nyumba ya kulelea wazee, naye na mwanawe Terrence wamebanana chumba cha chini ya ardhi kwa dada yake. Benki ilimnyima mkopo. Vernetta akarudi naye, akagombana na meneja mpaka mlinzi akaitwa, na mwishowe Delphine akapata nyumba ya mbao yenye baraza, Mtaa wa Kittrell. Siku ya kupewa funguo alipiga magoti jikoni akalia.

Baadaye Wazungu vijana wakahamia mtaani. Wakasimika vibao mbele ya nyumba zao kwamba kila mtu anakaribishwa, na bei zikapaa. Kikabaki kiwanja kimoja kitupu, palipoungua duka la kufulia nguo. Vernetta alitaka kujenga hapo nyumba ndogondogo za bei nafuu, kwa kina Delphine wengine. Baraza la jiji likasema: kwanza tuwasikie majirani.

Majirani wakasema, kwa adabu zao zote. Bwana Keith Brubaker, mwenye ndevu na mbwa, alimsifu Vernetta mpaka mwenyewe akaona haya, kisha akageukia maji ya mvua, maegesho ya magari na miti itakayokatwa.

"Nami niseme," Delphine akainuka.

Vernetta akamtabasamia.

"Dada Vernetta, unajua nakupenda. Bila wewe ningekuwa bado kule chini kwa dada yangu, choo kinavutwa juu ya kichwa changu." Watu wakacheka. "Lakini hizo nyumba, hapana. Si hapa."

Vernetta akainuka naye.

"Delphine," Vernetta alisema taratibu, "unasema nini, mwenzangu?"

"Nasema ulichonifundisha. Si uliniambia mwenyewe, Mzungu akifa anaacha nyumba, sisi tukifa tunaacha mchango wa mazishi? Umesahau? Mimi sijasahau. Nyumba ile ndiyo kitu pekee nitakachomwachia Terrence. Dalali kaniambia zikijengwa hizi, yangu inashuka."

"Dalali! Hao hao waliokuwa hawataki hata kukupandisha kwenye gari lao wakuonyeshe nyumba?"

"Hao hao. Leo wananipigia simu. Nisipokee?"

"Watakaokuja ni watu kama wewe, Delphine."

"Ndiyo maana naogopa! Nchi hii sikuiumba mimi. Wakituona wengi mahali, bei inaanguka. Mimi na Terrence tuko wawili. Tunavumilika."

Bwana Brubaker alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Wenzake wakafuata, makofi ya watu waliotuliwa mzigo. Delphine aligeuka akawatazama kana kwamba hakujua kuwa wako nyuma yake, kisha akaketi, mkoba kifuani.

Nje, mzee Cleophus Dunn wa ofisini alitema mate kando. "Asante ya punda, mateke!"

"Mwache," Vernetta alisema. "Hesabu ile nilimfundisha mimi."

Delphine akawafuata mbio mbio. "Umekasirika, Dada."

"Hapana."

"Umekasirika! Nitukane basi, yaishe."

Vernetta alitafuta tusi. Kila alilolishika lilikuwa na makali upande wake mwenyewe. "Nenda nyumbani, Delphine," akasema. "Nyumba unayo."

Baraza likakataa mpango. Diwani mmoja alisema, kwa sauti ya huzuni iliyopimwa vizuri, kwamba hata wakazi weusi wenyewe hawaungi mkono. Kiwanja kikanunuliwa na kampuni ya maghorofa ya vioo, yenye hadi chumba cha kuogeshea mbwa. Nyumba ya Delphine ikapanda bei tena.

Ilimbakia Vernetta kuzipigia simu familia zilizokuwa zimechaguliwa kupewa nyumba hizo. Alianza na Alonzo Speight, dereva wa basi la shule, ambaye mkewe alikwisha kununua mapazia.

"Nani waliotukataa?" Alonzo aliuliza.

"Majirani."

"Wazungu," akasema, wala halikuwa swali. "Mimi nilijua tu. Wale hawabadiliki, Bi Lassiter, hata waweke vibao gani. Pole, na Mungu akubariki kwa kutupigania."

Vernetta hakulitaja jina la Delphine. Akamshukuru, akamwomba amsalimie mkewe, akakata simu. Kisha akapiga namba iliyofuata.