Aliyeitwa Saa Kumi

Mumewe alimpasua nywele asubuhi, kabla wanawake hawajafika. Ndivyo walivyofanya Wahindu wa familia ile mimba ilipoingia mwezi wa saba: mume huchora njia katikati ya nywele za mkewe, kutoka kwenye paji hadi utosini, akimwombea heri yeye na mtoto. Wazee walitumia mwiba wa nungunungu. Yeye alitumia kitana cha plastiki, na njia ikapindapinda, hata dada yake akamwambia kutoka mlangoni kwamba mlevi angeipita njia ile bila kuyumba.

Mchana sebule ikajaa. Mjamzito alikalishwa kwenye kiti kifupi, amevaa sari ya kijani, upindo wake umetandazwa mapajani ili ujazwe. Wanawake wakapita mmoja mmoja. Kila mmoja alimpaka unga mwekundu kwenye paji, akamtilia upindoni mchele, tunda au nazi, akamnong'oneza dua. Jirani mmoja aliinama akalisemesha tumbo lenyewe: lichukue akili za mama, sura ya baba watavumilia. Wakacheka.

Naye alicheka, lakini jicho lake lilikuwa mlangoni. Mama yake mzazi hakuwepo, na yeye ndiye aliyefanya asiwepo.

Mama alikuwa fundi cherehani, mjane tangu binti yake akiwa mdogo wa kubebwa. Kwa wengi wa jamaa wale, upindo wa mjamzito hujazwa na wanawake ambao waume wao wako hai. Mjane hukaa pembeni, mkono wake usije ukaleta mkosi. Siku ya harusi, shangazi wa mume alimwomba mama, kwa upole kabisa, asogee nyuma. Mama akasogea. Mama mkwe alikuwa hapo hapo, akanyamaza, na binti akauchukua ule ukimya akaufanya jibu.

Kwa hiyo safari hii alimwambia mama kwamba shughuli ni saa kumi, badala ya saa nane. Kwa mama mkwe akasema kwamba mama yake ana nguo za bibi harusi za kumalizia, atachelewa. Alijiambia anamwepusha mama na aibu. Ilikuwa kweli, ila si kweli yote. Hakutaka yeye mwenyewe aonekane, mbele ya watu wale, mtoto wa yule anayeambiwa asogee.

Mama alifika mapema kidogo kuliko alivyoambiwa, kifurushi kwapani. Alikuta mchele umemwagika kwenye zulia, glasi tupu, wanawake wawili wakitafuta viatu. Akasimama hapo mlangoni. Fundi haulizi nguo iliyokwisha kushonwa ilikatwa lini.

Mama mkwe akamwendea. "Mkwe, tumekungoja mpaka watu wakapiga miayo. Mahali pa kwanza nilikuwekea wewe. Ni mteja gani huyo asiyeweza kusubiri hata leo?"

Mama alimtazama binti yake mara moja tu.

"Nisamehe, mkwe," alisema. "Wateja wengine ni kupe. Hawabanduki mpaka washibe."

Wakacheka. Shangazi akatikisa kichwa, akasema kuna watu kwao cherehani kwanza, mjukuu baadaye. Mama akalipokea hilo nalo, akatabasamu, akainama kuokota punje za mchele kwenye zulia kana kwamba ndicho alichojia.

Binti alitamani mtu amzuie asiokote. Hakuna aliyemzuia.

"Hakuna mteja," alisema.

Wifi yake akamuuliza anasemaje.

"Mama hakuchelewa. Mimi ndiye niliyemwambia saa kumi. Niliogopa mtamwambia asogee tena."

Wale wawili wakaacha kutafuta viatu. Shangazi akajifunika kichwa vizuri, ingawa kilikuwa kimefunikwa. Mama mkwe alikaa kama mtu aliyechoka, pembeni ya kochi, akitazama viganja vyake.

"Siku ile nilisikia," alisema. "Nikadhani nikinyamaza litapita lenyewe." Kisha akainuka, akapiga magoti mbele ya mke wa mwanawe, akautandaza upya ule upindo. "Njoo, mkwe."

Mama hakusogea. "Tuache tu, dada. Mtoto akija kushikwa hata na homa, mtanikumbuka mimi."

"Akishikwa na homa utanisaidia kumkanda. Njoo."

Mama akaja. Alifungua kifurushi, akatoa nazi iliyosuguliwa hadi ikang'aa, akaiweka mapajani. Akachovya kidole gumba kwenye unga mwekundu. Kilikuwa kigumu kwa miaka ya sindano, na binti alikihisi kikipita taratibu kwenye paji lake. Alisubiri kukemewa. Angekemewa, angepumua.

Mama alimwinamia sikioni.

"Mungu akupe mtoto asiyekuonea haya."

Hakusema kwa uchungu. Aliomba kweli, kama anayemwombea mgonjwa apone. Binti alitaka kumshika mkono, lakini mikono yake ilikuwa imeshikilia upindo, na angeuachia vyote vingemwagika.

"Umemwombea nini?" aliuliza mama mkwe, ambaye hakusikia.

"Ya kina mama," alijibu mama, akachota mchele kwa mkono wa kulia.