Mke Mwenza wa Kiunoni

Octavian ni mjukuu wangu, lakini kwetu Unyamwezini bibi humtania mjukuu wa kiume kwa kumwita mume, na mimi huyo ndiye mume wangu. Alipougua kisukari alikuwa bado anavaa kaptula ya shule. Mimi ndiye niliyemchoma sindano, asubuhi kabla ya uji, jioni kabla ya ugali. Dawa yenyewe, insulini, haitaki joto, na hapa Kwihara friji sina. Nikaiweka chupa ndani ya chungu kidogo, nikakitumbukiza ndani ya chungu kikubwa, katikati nikajaza mchanga, nikaumwagia maji.

Kisha akamwoa Levina. Levina ana friji mjini Tabora, na dada yake aliyeolewa ng'ambo akawaletea pampu. Ni kidude cheusi kinachokaa kiunoni. Mrija wake mwembamba unaingia chini ya ngozi na kumpa dawa kidogo kidogo, usiku na mchana. Sindano zikaisha. Nami nikaisha.

"Umeniletea mke mwenza," nilimwambia. "Anakulalia kiunoni, mimi hata salamu sipati."

"Bibi, wivu huo!"

"Ninao. Nilikupata mimi kwanza."

Levina akacheka. Sikuwa nimemchekesha yeye.

Kila wakija, Octavian aliniletea chupa mpya na sindano za akiba niweke chunguni. Nilijua ananibembeleza tu, kama mtoto anavyopewa mwiko ashike wakati wakubwa wanapika. Lakini nilipokea, na mchanga niliumwagia maji kila siku.

Oktoba hii walikuja kwa pikipiki kunibadilishia mabati kabla ya mvua. Jua lilikuwa la kukaangia karanga. Octavian alishinda juu ya paa, amelala kifudifudi, anagongomea misumari. Alasiri akashuka, akanywa maji kata baada ya kata, kisha akatapika nyuma ya banda la kuku. Levina akampima. Sukari ilikuwa imepanda vibaya.

"Plasta imeachia kwa jasho," akasema, akambandika nyingine na mrija mpya. Tukangoja. Akampima tena, imezidi.

Nikamtia mume wangu mkono kiunoni. Pampu ilikuwa moto kama yai lililotoka kuchemshwa.

"Huyu mwenzangu ameiva," nikasema. "Na dawa iliyomo imeiva naye."

Levina akakimbilia mkoba wake, uliofungwa kwenye pikipiki, juani, tangu asubuhi. Chupa ya akiba nayo ilikuwa ya moto. Akarudi ameishika.

"Bibi," akasema, "ile yako ya chunguni ipo?"

Lo! Neno hilo nilikuwa nalingojea tangu harusi. Nilitamani alirudie, lakini Octavian alikuwa anahema. Nikaitoa chupa chunguni, ya baridi. Nikainua sindano kwenye mwanga. Mistari yake yote ilikuwa imeungana. Macho yangu hayaisomi tena.

Nikamtazama Levina. Kusema ilikuwa kazi.

"Vuta wewe. Nitachoma mimi."

Akampigia simu nesi wao wa kliniki, akatajiwa kipimo, akaambiwa sukari isiposhuka upesi tumpeleke hospitali. Akavuta. Nikabana nyama ya tumbo, palepale pa zamani, nikachoma. Octavian hakukunja hata uso.

Jua lilipokuwa linazama sukari ilikuwa inashuka, naye anaulizia chakula.

"Sasa mke mkubwa ni nani hapa?"

"Nyamaza!" tukamjibu wote wawili.

Asubuhi walipokuwa wanafunga mizigo, Levina alinijia taratibu. "Bibi, mjini umeme unakatika siku nzima. Niazime vile vyungu."

"Vyungu kanunue vyako sokoni," nikamwambia. "Mchanga nitakupa."

Nikamjazia mfuko mzima, mchanga wa mtoni, niliouchekecha kwa mkono wangu. Kisha nikamgeukia mume wangu, nikamkumbusha: "Mkija tena, chupa yangu msiisahau."