Mparachichi Katikati ya Mabua

Bibi Walburga alikuwa na sheria moja tu kwa wapangaji wake, na aliitaja kabla hata hajakuonyesha choo kilipo. Panda mchicha, panda maboga, panda mahindi mpaka mlangoni ukitaka, lakini mti usipande. Wengi waliitikia bila kuuliza. Mtu anayehamahama na godoro lake mjini Songea atapanda mti wa nini?

Shamimu naye aliitikia siku ile alipofika Bombambili na mumewe Muhsini, mwendesha bodaboda, wakitokea chumba kingine kilichokuwa kinavuja. Binti yao Hawa alikuwa bado anabebwa mgongoni. Wakapewa chumba cha pembeni pamoja na tuta moja chini ya dirisha, kama kila mpangaji alivyopewa lake.

Sasa ilikuwa Juni. Baridi ya milima ya Matogoro ilikuwa inashuka asubuhi mpaka mtu anaoga kwa kujihurumia. Mahindi yalishavunwa na uani kila mmoja alikuwa anakata mabua ya tuta lake. Shamimu alikata taratibu kuliko wote. Alianzia pembeni, akazunguka, akabakiza fungu moja chini ya dirisha, kisha akachukua ufagio kana kwamba kazi imekwisha.

"Hayo mengine unamwachia nani?" Bibi Walburga aliuliza. Alikuwa amekaa pale anapokaa siku zote, juu ya kisiki cha mpera katikati ya ua. Mpera wenyewe aliukata yeye, baada ya kugundua kwamba uliwahi kupandwa na mpangaji.

"Nitayamalizia kesho, bibi. Mtoto ana njaa."

"Mtoto ana hindi mkononi na mashavu yamejaa. Kata."

Fausta, mpangaji wa chumba cha kati, mkaanga vitumbua, alicheka bila kuinua uso. "Huyo anafuga nyoka humo, bibi."

Shamimu hakukata. Basi Bibi Walburga akainuka, mkono mmoja kwenye goti, mwingine na panga lake, akaja mwenyewe. Mabua yalianguka mara moja. Nyuma yake ukabaki umesimama mparachichi mchanga, majani mapana yanang'aa, umemfika Hawa kifuani.

Hawa akatupa hindi, akakimbia kuukumbatia. "Mti wangu," akamwambia bibi, kama mtu anayemtambulisha ndugu.

 Fausta akaacha kucheka.

"Nani kapanda?"

"Mtoto, bibi," Shamimu alisema. "Baba yake alileta parachichi, yeye akachukua kokwa akalifukia pale tunapomwaga maji ya vyombo. Likaota."

"Sawa. Mtoto kapanda. Kaficha nani?"

 Ule mche ulipochungulia ardhini, wakati mahindi bado mafupi, Shamimu angeweza kwenda kwa bibi akasema ukweli. Badala yake akapanda maharage kuuzunguka, akayaacha mahindi yarefuke, akamfundisha Hawa aupitie kwa nyuma. Kila siku alijiambia atasema kesho.

Bibi Walburga alirudi kwenye kisiki chake akaketi. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha Shamimu.

"Mume wangu alipofariki, shemeji yangu Bartolomeo alikuja kwangu kule Maposeni. Akaomba kipande alime mahindi, msimu mmoja tu. Ni ndugu, nikampa. Mahindi yakastawi, nikawa nampongeza. Siku ya kuvuna, mabua yanaanguka, naona mistari ya mikaratusi imesimama kama wanafunzi paredi. Nikamwambia aondoke. Akaenda kwa wazee wa ukoo, na wazee wakauliza neno moja tu: miti ile kapanda nani? Leo kipande kile ni chake. Mimi nikienda Maposeni napita kando ya shamba langu kama mgeni." Akamtazama Shamimu. "Ungeniomba, ningekukatalia, tungenuniana siku moja yakaisha. Wewe ukanifichia ndani ya mahindi. Kama yeye."

"Nisamehe, bibi."

"Nakwenda kupukuchua mahindi Maposeni, nitarudi Jumapili. Nisiukute ardhini. La sivyo, mtafute chumba."

* * *

Jioni ile Muhsini alikula ugali, kisha akasukuma bakuli pembeni.

"Mke wangu, ung'oe. Chumba kama hiki hatukipati tena. Na maparachichi sokoni yamejaa."

"Sijasema nataka maparachichi."

"Unataka nini?"

Shamimu alimwangalia Hawa, aliyelala amefumbata jani moja lililodondoka wakati wa varangati la mchana. Aliwaza nyumbani kwao Tunduru. Kwenye kona ya ua wao kuna mkorosho ambao baba yake alimpa akapanda kwa mkono wake, akiwa mdogo kama huyu. Mpaka leo, akipiga simu nyumbani, anasikia watu wakielekezana: jamvi liko chini ya mkorosho wa Shamimu, mbuzi kafungwa kwenye mkorosho wa Shamimu. Ameolewa, ameondoka, jina lake limebaki pale linatajwa kila siku. Hawa alikuwa amezaliwa mjini na kuhamishwa chumba hadi chumba, na hakuna kona ya mji huu mtu angeitaja kwa jina lake.

Lakini kwa sababu hiyohiyo alijua bibi hakuwa na kichaa. Kwao pia mti ni wa aliyepanda, shamba liwe la nani. Baba yake asingemruhusu mgeni apande hata mlimau.

"Nataka mti usife," alisema mwishowe. "Hilo tu. Hata usipokuwa wetu."

"Sasa huo ni mti au yatima?" Muhsini aliuliza, ila sauti yake ilikuwa imelegea.

Kesho yake Fausta alikuja na shauri. Kaka yake ana kiwanja Matogoro, nafasi tele, wampelekee. Shamimu alishukuru, akakataa. "Hawa akiamka anatoka nje anausalimia. Nitampakia kwenye bodaboda kila asubuhi aende Matogoro kuusalimia mparachichi?"

"Basi utafanyaje, mama Hawa? Bibi hatanii."

"Nitaung'oa. Kasema usiwe ardhini."

Fausta akamtazama usoni. "Hilo jicho lako silipendi," akasema.

Katika madarasa ya jioni anayosoma Shamimu, mwalimu wa baiolojia aliwahi kuchora ubaoni mzizi mkuu unaoshuka wima, akasema ukiukata mmea unanuna na pengine haunyanyuki tena. Jumamosi alianza kuchimba mbali na shina, kwa jembe kwanza, kisha kwa kijiko cha chuma, kisha kwa vidole. Hawa alichuchumaa ukingoni akiuliza kama mti unaumia. Mzizi ulikuwa mrefu kuliko alivyodhani. Mara kadhaa Muhsini, aliyekuwa anaosha pikipiki yake kwa uvivu wa makusudi, alisema, "Kata hapo, inatosha," na mara zote Shamimu hakukata. Adhuhuri ilipopita, mche ulitoka na udongo wake wote ukaingia kwenye ndoo kuukuu ya rangi, aliyoitoboa chini kwa msumari. Shimo akalifukia, akalikanyaga, akalifagia.

* * *

Bibi Walburga alirudi Jumapili mchana amekalia kiroba cha mahindi nyuma ya bodaboda, vumbi mpaka kope. Kitu cha kwanza alichokiona ni ndoo barazani kwake, na mparachichi ndani yake.

"Shikamoo, bibi," Shamimu alisema.

"Marahaba. Nini hiki?"

"Ni mti uliosema nisiuache ardhini."

"Nilikuwa na maana uutupe."

"Hukusema hivyo, bibi."

Mlangoni kwa Fausta mtu alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha kifua.

Shamimu alipiga magoti, si kwa kuigiza, ila alitaka macho yao yalingane, maana bibi alikuwa ameshaketi kwenye kiroba chake. "Nilikosea kuuficha. Nilijua sheria yako nikauficha. Sasa hauko kwenye ardhi ya mtu, kwa hiyo nakupa wewe. Uupande kwa mkono wako, mahali unapotaka, watu wote wakiona. Uwe wako. Siku nikihama sitageuka nyuma kudai hata jani."

"Nikikataa?"

"Utakaa hapo kwenye ndoo. Nitaumwagilia mpaka ukubali."

"Nikiutupa?"

"Utautupa wewe, bibi. Mimi siwezi."

 Bibi Walburga akasema maneno fulani kwa Kingoni ambayo hakuna aliyemtafsiria Shamimu, akaingia ndani, akafunga mlango.

Basi ndoo ikakaa. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, Shamimu alivuka ua na kikombe cha maji, akaamkia, akaitikiwa kwa mkato, akamwagilia. Bibi alipita pembeni ya ndoo akienda kanisani, akapita pembeni yake akirudi. Muhsini alisema watafukuzwa kistaarabu. Fausta alisema bibi anasubiri ukauke wenyewe ili asiwe na dhambi. Na kweli ulionekana kuelekea huko. Majani ya chini yakageuka rangi ya chai, yakaanza kudondoka. Hawa akawa anayaokota na kujaribu kuyarudishia.

"Mama, mti una baridi."

"Una baridi, mwanangu."

"Bibi amuingize ndani?"

"Hilo hatumwombi. Tumeomba moja."

Usiku ule alilala vibaya. Alijiuliza kama hakuwa anamtesa kikongwe kwa ukaidi wake, na mche juu yake. Lakini kulipokucha alichukua kikombe kama kawaida, akavuka.

Ndoo ilikuwa imefunikwa. Khanga ya zamani, iliyopauka, imezungushiwa mche kuanzia shinani mpaka juu, imefungwa fundo kama mtoto anavyofungwa kwenda kliniki. Shamimu alisimama na kikombe chake. Hakufungua fundo. Alimwaga maji polepole kupitia pembeni, akaondoka bila kuamkia, asije akamlazimisha bibi kueleza.

Siku iliyofuata jua lilitoka mapema. Bibi Walburga alisimama katikati ya ua na jembe. "Tokeni nje wote," aliita. "Fausta, zima hilo jiko. Muhsini, pikipiki haikimbii. Njooni mwone kwa macho yenu."

Wakatoka. Alikuwa ameshachagua mahali, hatua chache kutoka kwenye kisiki cha mpera.

"Wewe," alimwambia Shamimu, "simama kule ukutani. Mikono nyuma. Mkono wako usiguse udongo wala jani. Sitaki hata kesho kutwa mtu aniulize kapanda nani."

"Sawa, bibi."

Shamimu alisimama ukutani, mikono nyuma. Hakujua kama kuna kazi ngumu kuliko ile. Bibi alichimba kwa pumzi fupifupi na kupumzika kila mara. Muhsini alisogea kumsaidia akafukuzwa kwa jicho. Shimo likafika kwenye kiwiko, bibi akataka kuweka mche.

"Ongeza kina, bibi," Shamimu alisema. "Mzizi wake ni mrefu. Utapinda."

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna. Lakini utapinda."

Bibi alifyonya, akachimba tena, mpaka Shamimu akanyamaza. Kisha akapiga magoti, goti moja halafu jingine, akautoa mche kwenye ndoo, akaufungua khanga, akaushusha. Alipoanza kurudishia udongo, Hawa aliponyoka kutoka mkononi mwa baba yake. Alipiga magoti upande wa pili wa shimo na kuanza kusukuma udongo kwa viganja vyote viwili, kwa haraka, akiupiga makofi ushikane, kama alivyolifanyia kokwa lile la kwanza.

Muhsini akaita, "Hawa." Shamimu alihisi kucha zake zinaingia viganjani nyuma ya mgongo. Watu wote walimtazama bibi.

Bibi Walburga naye alikuwa anaitazama mikono ile midogo. Udongo ulikuwa umeshafika shinani.

"Huko kwako bado kuna shimo," alimwambia Hawa. "Jaza vizuri. Mkipanda mti msiuache unayumba."

"Bibi, tumeona," Fausta alisema, akitabasamu. "Sasa tuseme kapanda nani?"

"Semeni tumepanda mimi na Hawa. Kama kuna mwenye neno, aje kwangu nikiwa hai." Alipangusa viganja, akaegemea jembe ajaribu kusimama. Magoti yakakataa. Akajaribu tena, kisha akageuza kichwa kuelekea ukutani.

"Unaniangalia nini? Njoo unishike niinuke."

"Mikono, bibi?"

"Nilikukataza udongo," Bibi Walburga alisema, "sikukukataza mimi."

Shamimu akaitoa mikono yake nyuma, akaenda.