Kuku wa Straton

Verdiane alichuchumaa katikati ya banda, akaokota kijiti, akaanza kupindua mavi ya kuku taratibu, kama mtu anayechambua maharage. Mlangoni alisimama Zéphyrin, mwenye banda, mikono nyuma, akijaribu kutabasamu. Pembeni yake Mama Josiane, mfanyabiashara wa kuku kutoka Goma, alikuwa hajavua hata koti la mvua. Matenga yake matupu yalikuwa bado yamefungwa kwenye pikipiki kule barabarani.

"Kuku iko muzima, Mama Josiane," Zéphyrin alisema. "Angalia hata macho yake."

"Macho inadanganyaka. Minangojea Mama Verdiane aseme."

Ndivyo Josiane alivyofanya kazi yake siku hizi. Aliwahi kununua kuku wazuri kwa macho huku milimani, akafika nao Sake wakiwa wamelaza shingo, na tangu hapo hakulipia kuku wa Karuba kabla Verdiane hajaingia bandani na kutazama chini. Wengine hutazama upanga wa kichwani mwa kuku, wengine hupapasa kifua. Verdiane alitazama mavi. Alisema kuku anaweza kujikaza mbele ya mgeni, lakini tumbo lake halijui kujikaza.

Na mavi ya banda hili yalikuwa mazuri. Yalijikunja vizuri, magumu kiasi, rangi ya kijivu ikielekea kijani, kila moja na kofia nyeupe juu yake. Hapakuwa na maji wala damu, wala ule ujani mkali ambao mfugaji akiuona asubuhi anaacha hata uji wake. Kwa muda mrefu Verdiane hakuwa ameona banda lenye afya namna hii. Kuku wenyewe walimzunguka bila woga, wakubwa, wenye manyoya mpaka kwenye vidole vya miguu.

Manyoya hayo ya miguuni aliyajua.

Jogoo wa kwanza mwenye miguu ya namna ile alitoka Ngungu, amebebwa kwapani na Straton, mume wa Verdiane, kwa miguu, siku ya mvua. Straton alizalisha kutoka kwa jogoo huyo mpaka ua wao ukajaa. Vita vilipopanda kilimani, yeye na Verdiane walikimbia na godoro na sufuria. Kuku wakaachwa kwa Zéphyrin, jirani yao, ambaye mama yake mgonjwa hakuweza kutembea na hivyo hakuondoka. Kambini, upande wa Goma, Straton aliugua kifua. Akatuma mtu kwa Zéphyrin: uza kuku kadhaa, nitumie pesa ya hospitali. Jibu lililorudi lilikuwa fupi. Askari wamepita, wamekula zote.

Straton alizikwa kule, kwenye udongo mweusi wa mawe. Verdiane aliporudi Karuba peke yake, kitu cha kwanza alichokiona juu ya ua wa Zéphyrin kilikuwa kuku mwenye manyoya miguuni.

Alilalamika mbele ya wazee wa kanisa. Zéphyrin aliweka mkono juu ya Biblia akaapa kwamba hao ni kuku wake, na kwamba kuku wa namna hiyo wamejaa Masisi nzima. Wazee wakamwambia Verdiane asamehe, moyo wake utapumzika. Tangu siku ile alimsalimia Zéphyrin kila asubuhi, kwa adabu, na moyo wake haukupumzika hata kidogo.

Sasa alikuwa ndani ya banda lake.

Kwenye kona, chini ya kiota, aliona vinyesi vya aina nyingine: vya kahawia iliyokolea, vya kunata, ving'aavyo kama mafuta ya gari, vyenye harufu ya kuoza. Kuku mzima huacha vya namna hiyo pia, mara moja moja kati ya vile vya kawaida. Verdiane alilijua hilo tangu alipokuwa msichana akifagia banda la mama yake. Josiane, aliyezoea kuku wakiwa ndani ya tenga, hakulijua. Zéphyrin, aliyemwachia mke wake kazi ya kufagia, hakulijua pia.

Verdiane alichota kimoja kwa ncha ya kijiti, akatoka nacho kwenye mwanga.

"Mama Josiane, angalia hii."

Josiane alijifunika pua kwa mkono wa koti. "Hii njo nini?"

"Njo hii unaona."

"Iko ugonjwa?"

Verdiane alifuta kijiti kwenye majani, bila haraka. "Mimi sijasema ugonjwa. Nimekuonyesha tu. Atakayeshuka na hizi kuku mpaka Goma ni wewe, si mimi."

Hakuwa amesema uongo. Alilitambua hilo wakati maneno yakimtoka, na likampendeza kuliko uongo wowote.

Josiane alirudi nyuma. "Papa Zéphyrin, usinikasirikie. Nilishapoteza mali. Sitaweza tena."

"Lakini Mama, nimeshaahidi batu. Ngombe ya mahari ya mutoto yangu Damien inangojewa Ngungu." Zéphyrin alimgeukia Verdiane. "Sema kitu, Mama Verdiane."

"Niseme nini, Papa Zéphyrin? Kuku si yako?"

Alimtazama machoni. Zéphyrin ndiye aliyeangalia pembeni. Pikipiki ikanguruma, na matenga yakaondoka matupu kuelekea Mushaki.

Habari ilishuka na ile pikipiki. Kabla ya jioni kila aliyeuza viazi kando ya barabara alijua kwamba kwa Zéphyrin kuku wanaumwa, na waliokuja kununua hata yai wakaacha kuja. Ndipo Godelieve, mke wa Zéphyrin, alipoanza kuwatibu. Alisaga pilipili kali na majani ya tumbako, akakoroga kwenye maji ya kunywa. Walipokataa kunywa aliwafungua midomo, akawamiminia kwa nguvu.

Baada ya dawa hiyo kuku waliugua kweli. Verdiane, akipita na debe la maji, aliona uani mwa jirani mavi membamba ya kijani, yakitiririka kama mchuzi. Alipunguza mwendo ili ayatazame vizuri. Siku iliyofuata Godelieve alipita na kikapu kilichofunikwa kwa majani, akielekea nyuma ya mikaratusi akiwa na jembe begani. Wanawake hao wawili walisalimiana. Verdiane aliingia kwake, akapika sombe ya majani ya muhogo, akala akashiba. Wiki ile alilala usingizi ambao hakuwa ameulala tangu kambini.

Zéphyrin alimfuata shambani. Verdiane alikuwa akipalilia maharage, na hakuinua mgongo.

"Mama Verdiane, niambie dawa."

"Dawa ya kuku ya nani?"

Jembe liliingia udongoni, likatoka, likaingia tena.

"Ya kwangu," Zéphyrin akasema.

"Basi mwenye kuku njo anajuaka dawa yake."

Alisimama pale mpaka Verdiane alipomaliza mstari na kuanza mwingine, kisha akaondoka akikanyaga tuta la maharage bila kuliona.

Jumapili, watu walipokuwa wakitoka kanisani, walimkuta Zéphyrin amesimama katikati ya njia. Mbele yake kulikuwa na tenga, na ndani yake kuku waliobaki, wamevimbisha manyoya, macho nusu yamefumba. Alivua kofia. Alimsubiri Verdiane afike, na watu, wakihisi jambo, wakasimama.

"Hizi kuku zilikuwa za Straton," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, mzee mmoja wa kanisa akamwambia aongeze. "Zilikuwa za Straton. Aliniachia. Nilisema basoda balikula, haikuwa kweli. Niliapa juu ya Biblia, haikuwa kweli. Sasa zinakufa mikononi yangu, na mutoto yangu anakosa bibi wa kuoa. Nimechoka. Mama Verdiane, uzichukue."

Verdiane alikuwa ameiota siku hii mara nyingi, na ndotoni alikuwa akimtemea mate. Sasa mdomo wake ulikuwa mkavu.

"Straton alipokutumia muntu," aliuliza, "alikuambia nini?"

"Mara ya kwanza, niuze."

"Kulikuwa mara ya pili?"

Zéphyrin aliikunja kofia mikononi. "Alituma dereva wa camion. Alisema nikule nusu, iwe yangu kabisa, hataniuliza. Nimutumie nusu tu."

Verdiane hakuwa na habari ya dereva huyo. Straton hakumwambia. Alilala pale kwenye hema, akikohoa, akimsubiri dereva arudi, na kila alipoulizwa anachosikiliza nje alisema ni mvua. Verdiane aliinama, akashika mpini wa tenga. Mwanamke mmoja alitaka kumsaidia, akakataa. Alilibeba mwenyewe mpaka nyumbani.

Kazi ya kuwaponya haikuwa kubwa. Alitandika majani makavu katika chumba cha nyuma, akawapa maji safi ya chemchemi na mahindi yaliyopondwa, akawafungia humo. Kila asubuhi alichuchumaa kusoma sakafu. Ujani ulififia. Maji yalikauka. Kisha, asubuhi moja, aliona kofia nyeupe zimerudi, na mavi yamejikunja vizuri. Siku hiyo akafungua mlango, kuku wakatoka uani kuchakura.

Zéphyrin aliwaona kutoka njiani. Alikuja mpaka kwenye ua wa matete, akashika fito kwa mikono miwili, akawatazama kwa muda mrefu.

"Zimepona," alisema.

"Hazikuwa na ugonjwa."

Zéphyrin alidhani hakusikia vizuri. Verdiane aliacha kufagia, akamwendea karibu, wakabaki wametenganishwa na ua peke yake.

"Ile siku Mama Josiane alikuja, kuku zilikuwa mzima zote. Ile nilimuonyesha ni mavi ya kawaida, kuku yote inafanyaka vile. Kilichoziua ni pilipili ya bibi yako. Ukitaka kunishitaki, wazee bako kule. Uwaambie Verdiane alikudanganya juu ya kuku za nani?"

Alikuwa ameyapanga maneno hayo kwa siku nyingi, na yakatoka yote, hata moja halikupotea. Ngumi za Zéphyrin zilikaza kwenye fito, kisha zikalegea. Aliposema, hakusema juu ya kuku.

"Damien ameenda Walikale," alisema. "Kule kwenye mashimo ya madini. Anasema atachimba mpaka apate ngombe ya kuoa Uwingabire. Mama yake alimushika nguo asiende. Juzi kuna shimo iliporomoka kule. Hatuna habari yake."

Verdiane alimfahamu Damien. Ndiye aliyembebea mzigo siku aliporudi kutoka kambini, kuanzia barabarani mpaka kilimani, wakati baba yake alipojifungia ndani.

"Pole," alisema. Neno lilitoka dogo. Zéphyrin alitikisa kichwa, si kwa kulikubali wala kwa kulikataa, akaachilia ua, akaenda zake.

Jioni ilipoanza kuingia, ukungu ukiteremka kutoka malishoni ambako wachungaji walikuwa wakirudisha ng'ombe, Verdiane alifungua chumba cha nyuma ili kuku waingie walale. Aliwarushia mahindi kidogo na kuwaita. Jogoo aliinua kichwa, akamtazama, kisha akapita pale ua ulipolegea, akashika njia. Tetea wakamfuata mmoja mmoja, bila haraka. Walijua walikozaliwa na wapi pa kulala. Walivuka mfereji, wakapanda tuta, wakaelekea kwa Zéphyrin.

Verdiane alikuwa na fagio mkononi. Angeweza kuwakimbilia na kuwageuza. Alibaki pale pale, akiwatazama wakizidi kuwa wadogo ndani ya ukungu, mpaka wa mwisho alipopotea. Uani kwa jirani Godelieve aliacha kutwanga. Kisha, kutoka upande ule, Verdiane alisikia mlango wa banda ukifunguliwa.