Kemunto Aliyeomba Namba Mbili

Mume wangu Mogaka akiona kura, hata ya kuchagua mweka hazina wa kanisa, damu humchemka. Kwa hiyo niliposikia nafasi moja iliyobaki katika timu ya taifa ya raga ya wanawake wa Kenya itapigiwa kura, nilijua nyumba yetu haitalala.

Mambo yalikuwa hivi. Timu ilikuja Texas kwa mashindano, ikapiga kambi Fort Worth, na mchezaji mmoja akaumia goti. Kocha wao, Mwairishi mrefu aitwaye Fintan, akatangaza kwamba pengo hilo litazibwa na binti mmoja wa Kikenya anayeishi huku. Waliojitokeza walichujwa mpaka wakabaki watatu: Chepngetich wa hapo hapo Fort Worth, Immaculate wa Dallas, na binti yetu Kemunto, aliyekulia Stafford, kando ya Houston.

Kemunto aliondoka Nyamira akiwa bado anabebwa mgongoni. Kiswahili anakisikia, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza, na Wakenya wenzake chuoni humwambia yeye ni Mmarekani tu. Maneno hayo humchoma. Jezi ya taifa aliitaka mpaka akawa analala na mpira kitandani, msichana mzima. Nami nilimtakia aipate kuliko kitu chochote nilichowahi kujitakia mwenyewe.

Jumamosi tukafika uwanjani na msafara wa magari kutoka Houston. Mogaka alikuwa amechapisha fulana nyekundu zenye maandishi KEMUNTO NAMBA MOJA, na nyama imejaa kwenye masanduku ya barafu. Upande wa pili Kimutai, babake Chepngetich, naye hakuja kutalii: alikuwa na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya kwao, na akina mama wanaojua kuimba. Immaculate alikuja na mamake peke yake.

Kocha aliwaita wachezaji wake kumi na mmoja, nasi tukasogea kusikiliza. Alisema kwa Kiingereza kwamba amewatazama wale watatu mpaka macho yamemuuma na hawezi kuwatenganisha.

"Nyinyi ndio mtakaopokea pasi zake," akawaambia. "Baada ya chakula mtaandika wa kwanza, wa pili na wa tatu, kama tunavyopiga kura kwetu Ireland. Asipopatikana mwenye zaidi ya nusu, wa mwisho anatoka, na kura zake zinahamia kwa yule aliyeandikwa wa pili."

Kisha akachungulia simu yake, akaomba radhi. Dadake alikuwa anagombea ubunge huko Ireland, na kura zilikuwa zikihesabiwa wakati ule ule. Mogaka hakusikia hata neno moja. Alikuwa anafunga bango.

Kampeni ikaanza. Mogaka alizunguka na sinia la nyama kama mgombea wa udiwani, akiwashika wachezaji mikono na kuahidi nyama nyingine. Akatunga na wimbo wa kumwambia Chepngetich asante kwa kushiriki, sasa arudi nyumbani. Niliona mabinti wawili wakirudisha sahani zao bila kugusa kitu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Wachezaji wengine wawili walikuwa wameketi na Immaculate. Walicheza naye shuleni Kakamega, na walikuwa wanacheka naye kama watu wasiojua kuna uchaguzi.

"Hao achana nao," Mogaka akaniambia. "Ile ni ngome ya mtu. Ukiingia pale unapoteza wakati."

Nikampelekea kocha chai, nikamuuliza habari za dadake. Akasema ni duru ya tano ya kuhesabu, na bado yumo.

"Akikuta nyumba imebandika picha ya mpinzani wake, anafanyaje?" nikauliza.

"Hapo ndipo anapobisha hodi," akacheka. "Anawaambia, mpeni huyo wenu kura ya kwanza, sina ubaya. Mimi nikumbukeni ya pili."

Nikapata wazo. Nilimwacha na chai yake, nikamkimbilia Kemunto.

"Nenda pale kwa kina Immaculate ukaombe kura ya pili."

"Mum, no! Immaculate is right there!"

"Ndiyo maana uende. Huendi kumwibia."

Alinitazama, akafuta mikono kwenye kaptula, akaenda. Mimi nikachukua sahani ya chapati nikamfuata. Sikuwa naenda kugawa chapati. Nilikuwa naenda kusikiliza.

"Sasa," Kemunto akasema. Kisha, kwa mara ya kwanza mbele ya watu, mtoto wangu akaongea Kiswahili. "Mimi siombi one. One ni ya Immaculate, yeye ni rafiki yenu. Lakini kama yeye atatoka, mnaweza ku-remember mimi? Namba mbili tu. Please."

Wakaangua kicheko. Immaculate alicheka kuliko wote.

"Na ile tackle yangu ya asubuhi, uliisikia?" akamuuliza.

Kemunto akavuta ukosi wa fulana akawaonyesha bega aliloangushiwa, jekundu kabisa. "Bado nasikia."

"Huyu Kiswahili chake ni balaa," Immaculate akawaambia wenzake, "lakini hakimbii tackle."

Mogaka alinidaka njiani, macho yamemtoka. "Tumeendesha kutoka Houston yote hii ili mtoto wetu aombe namba mbili?"

"Nyamaza kwanza, Baba Kemunto, utanipandisha presha."

Walipiga kura kwa kalamu nene kwenye sahani za karatasi. Kocha akazisoma kwa sauti, moja moja. Chepngetich tano. Kemunto nne. Immaculate mbili. Upande wa Kimutai ukalipuka kwa nyimbo, na Mogaka akaketi kwenye nyasi, bango limemwangukia mapajani.

"Bado!" kocha akapaza sauti. "Mwenye sita hayupo. Immaculate anatoka."

Akainua sahani ya kwanza ya Immaculate, akatafuta wa pili. Kemunto. Tano kwa tano. Nilimshika mkono mama wa Immaculate, ambaye hata hatukuwa tumesalimiana. Kocha akainua ile ya mwisho, akaitazama, akatabasamu.

"Kemunto."

Sikumbuki nilivyopiga kelele, ila sauti iliniisha mpaka Jumatatu. Immaculate ndiye aliyemfikia Kemunto kwanza, akamwinua juu akimshika lile lile bega bovu, na mtoto akalia na kucheka pamoja. Alipovaa ile jezi, Mogaka alilia wazi wazi bila kujifuta. Kisha akaenda kwa Kimutai na kwa Chepngetich, akawaomba msamaha kwa ule wimbo, akapewa mursik akanywa mpaka chini.

Saa ile ile simu ya kocha ikalia: dadake amepita, kwa kura za pili! Wa Houston na wa Fort Worth tukamshangilia mwanamke tusiyemjua jina.

Kabla hatujaondoka Mogaka akaomba ile kalamu nene ya kupigia kura. Akakata MOJA kwenye fulana yake, akaandika MBILI. Jumapili akaivaa kanisani, na mchungaji akamuuliza imekuwaje binti ameshushwa cheo.

"Mchungaji," Mogaka akasema, kifua mbele, "hiyo mbili ndiyo iliyompa jezi."